Mwenye Kiti Amekaa

Nusu ya watu wa mji ule walikuwa wanakalia kazi ya mikono yake, na karibu wote walimcheka. Alikuwa fundi wa makochi, mtu mfupi mwenye mabega ya kubebea mbao na vidole vilivyotobolewa na sindano iliyopinda mpaka vikaacha kusikia maumivu. Karakana yake ilikuwa chumba kimoja cha mabati kando ya barabara, sponji zimepangwa hadi darini, gundi inanuka mpaka mpita njia anaumwa kichwa. Ukimpelekea kochi lililobonyea, alilipindua miguu juu, akalichana tumbo, akang'oa mikanda iliyolegea na kuwamba mipya, akiivuta huku ameegemeza goti kwenye fremu. "Kochi si kitambaa," alipenda kusema. "Kochi ni mkanda. Mkanda ukilegea hata bwana mkubwa anakaa chini." Na fundo lake la kumalizia lilikuwa na sifa mji mzima: ukilivuta linakaza, ukilivuta tena linakaza zaidi, halifunguki ila kwa mtu aliyeinama chini ya kiti na kulibembeleza kwa vidole viwili. Mafundi wenzake walimwonea wivu kwa fundo hilo. Tutalirudia.

Alikuwa na mke mmoja, mwenye maneno machache na macho makali, na mtoto mmoja wa kiume. Mtoto huyo alikuwa bondia. Ulingoni walimwita Mchi kwa sababu ngumi zake zilitoka juu kwenda chini kama anatwanga, na jina likamfuata mpaka nyumbani, hata mama aliyemzaa akaacha kutumia lile la kwanza. Fundi naye akawa Baba Mchi. Jamani, alivyolipenda jina hilo! Ukiingia karakanani kuuliza bei ya stuli ulisimuliwa kwanza raundi tatu, na ukitaka kuondoka ulishikwa mkono.

Sasa nianze na kiti, maana bila kiti hakuna kisa.

Klabu ya ndondi ya mji ule ilikuwa na mwalimu mkavu, mzee, mwenye pua iliyovunjwa mara nyingi hadi ikakata tamaa. Zamani mwalimu huyu alimtupia taulo bondia wake mmoja ili kumwokoa. Taulo likiingia ulingoni, mnajua, pambano limekwisha na wako ameshindwa. Bondia yule akashuka, akamtemea mate mbele ya watu, akahama klabu. Miaka ikapita, bondia mwingine akazidiwa, mwalimu akakumbuka yale mate, akaliacha taulo begani. Yule wakamzika. Mama wa marehemu akaja kukaa mlangoni kwa mwalimu siku baada ya siku, akimlaani kwa sauti ya chini, bila kuchoka.

Mzee akakaa akafikiri, akapata dawa yake. Aling'oa kiti cha chuma kwenye basi bovu, akakifunga kwa boliti kwenye sakafu ya ukumbi, safu ya mbele kabisa, mkabala na kona yake. Akakiita kiti cha damu. Kila bondia wa klabu akipanda ulingoni, ndugu yake wa damu lazima akae hapo. Ndugu akiendelea kukaa, pambano linaendelea. Ndugu akisimama, taulo linaruka. Hakuna mjadala, hakuna kuulizana. "Mimi mikono yangu safi," mwalimu alisema. "Damu iamuliwe na mwenye damu." Mjanja sana yule mzee. Alinawa kabla hata chakula hakijaletwa.

Na kiti kikawa na adabu zake. Ukumbi mzima unaweza kusimama, kupiga mbinja, kupanda juu ya viti vya plastiki, lakini mbele ya kiti cha damu hasimami mtu, na aliyekikalia haombwi kupisha. Mgeni rasmi akiingia watu wote husimama, yeye hukaa. Haja zake huzimaliza kabla ya kengele. Na neno la mdomo kutoka kiti kile halihesabiwi, kwa sababu akina mama huanza kulia "Mtoeni mwanangu!" raundi ya kwanza haijafika katikati, na akina kaka hupiga kelele "Muue!" hata ndugu yao akiwa chini. Kwa hiyo mdomo wapi, mikono wapi, mwalimu hakujali. Alitazama makalio. Makalio yakiwa juu ya kiti, kazi iendelee.

Baba Mchi alikikalia kiti kile mapambano yote ya mwanawe. Hata alikiwamba upya bure, sponji nene na ngozi ya bandia nyekundu, akaweka na vifungo mgongoni. Mapambano hayo yalikuwa mepesi, Mchi alitwanga watu akarudi nyumbani kula. Mpaka siku ya Bawabu.

Bawabu alikuwa bondia wa klabu ya upande wa pili wa mji, mkubwa wa mwili, jina alilipata kwa kuwa hakupitika. Mshindi kati yake na Mchi angechukuliwa kambi ya taifa, akale huko, akalale huko, akafundishwe na watu wanaojua. Ukumbi ulifurika. Raundi ya tatu Mchi akaingiza mkono wa kulia, ukatua penyewe, na Bawabu akapiga magoti. Mwamuzi akaanza kuhesabu. Moja, mbili, tatu. Bawabu anatazama sakafu kama aliyedondosha sindano.

Na Baba Mchi, kwa furaha, akaruka juu. "Mwanangu huyooo!"

Mwalimu wakati huo alikuwa ameinama kwenye ndoo anatafuta barafu. Akainua kichwa, na macho yake, kwa mazoea ya miaka, hayakwenda ulingoni. Yalikwenda kwenye kiti. Akaona kiti kitupu na mtu amesimama. Mkono wake haukumwuliza. Taulo likaruka, likatua katikati ya ulingo, jeupe, mbele ya Bawabu aliyekuwa bado amepiga magoti. Mwamuzi akalitazama taulo, akamtazama Mchi, akatazama vitabu vyake vya sheria kichwani. Halafu akaenda kumwinua Bawabu kwa kwapa na kumnyanyua mkono kuwa ndiye mshindi.

Kisha kikazuka kicheko ambacho nadhani bado kiko kwenye bati za paa lile.

Kuanzia siku hiyo hakuitwa tena Baba Mchi. Aliitwa Simama. Na watu ni wabaya, nawaambia, hakuna mnyama anayemfikia mtu kwa ubaya akishapata kitu cha kuchekea. Kila fundi alipoinuka mahali penye watu, alitupiwa kitambaa. Akiinuka kwenye benchi la kinyozi, leso inamwangukia usoni. Akiinuka karakanani kumpokea mteja, watoto waliokuwa wamejificha nyuma ya mlango wanamrushia matambara na kutimua mbio. Kwenye mkutano wa wazazi shuleni kwa watoto wa jirani, alikokwenda kumwakilisha mtu tu, mwenyekiti alisema wanaokubali wasimame. Akasimama na wenzake. Vitambaa vikamjia kutoka pande tatu, na mwenyekiti mwenyewe alificha uso ndani ya kofia mabega yakimtikisika. Fundi akajifunza kuishi amekaa. Akaanza kupima makochi akiwa amekaa, kusalimia watu amekaa, hata kupiga misumari amekaa.

Hayo angeyavumilia. Kicheko cha watu si kitu, alimwambia mkewe, kicheko hakitoboi sufuria. Kilichomtoboa ni mwanawe. Mchi alikusanya nguo zake akahamia klabuni, akalala juu ya mikeka ya mazoezi. Akikutana na babaye njiani hakumpita bila salamu, hapana, alilelewa vizuri. Alisimama, akainamisha kichwa, akasema, "Shikamoo, fundi."

Fundi! Kama mteja. Kama mtu aliyekuja kuulizia stuli. Mara ya kwanza alidhani amesikia vibaya. Mara ya pili alijikokota hadi karakanani, akafunga mlango mchana kweupe na kulia ndani ya kipande cha sponji ili majirani wasisikie. Tangu hapo hakutaka kitu kingine duniani. Si kambi ya taifa, si heshima ya mji. Alitaka mtoto wake amwite baba, basi.

Mwaka haujaisha, klabu mbili zikakubaliana pambano la marudiano, Bawabu akaombewa ruhusa kambini. Fundi aliposikia alivaa shati lake jema akaenda klabuni. Mabondia walikuwa wanaruka kamba, wakaacha. Mmoja akavua fulana yake iliyolowa jasho akaishika tayari mkononi, wenzake wakaanza kubana vicheko.

"Mwalimu, shikamoo. Nimekuja kuhusu kiti."

"Marahaba. Kiti kimefanya nini?"

"Nataka kukaa mimi."

Fulana ikarushwa, ikamtua begani, wakacheka mpaka mmoja akaketi sakafuni. Fundi hakuitoa. Akangoja wamalize. Mchi alikuwa pembeni anajifunga bendeji mikononi. Akaja pole pole, akamwondolea babaye ile fulana begani, akaikunja vizuri.

"Fundi, mama anaweza kukaa."

"Mama yako ana moyo mwepesi. Atainuka ukipigwa kofi tu."

"Na wewe je?"

"Nitakaa."

"Sikiliza," kijana akasema, na wenzake wote wakanyamaza wasikie. "Hata nikidondoka, ukae. Hata nikitapika damu, ukae. Mimi najua kujitoa mwenyewe. Ukiinuka tena, usinitafute, hata kwenye maziko yangu usije."

"Nitakaa, mwanangu. Naapa nitakaa. Nikiinuka nikatwe miguu."

"Tutaona, fundi," Mchi akasema, akarudi kwenye bendeji zake.

Nyumbani, mke aliposikia aliweka chini kisu cha vitunguu. "Nipe mimi hicho kiti."

"Utamharibia mtoto."

"Nitamharibia vipi? Mimi nina macho mawili, wewe una aibu. Mwenye aibu haoni kitu, anaona watu wanavyomtazama tu. Nipe kiti, Baba Mchi."

"Mchelea mwana kulia hulia yeye, mama. Nimekwisha kulia vya kutosha."

"Hujalia bado," akasema mkewe, akachukua kisu chake.

Lakini fundi alijijua. Hilo ndilo linalonikera katika kisa hiki: mtu hakuwa mjinga, alijijua mpaka kwenye kisigino. Alijua miguu yake ina akili yake peke yake. Mchi akimwangusha mtu, itaruka, yeye apende asipende. Alijaribu karakanani. Alikaa kwenye stuli akamwambia mwenye duka la pili apige makofi ghafla nyuma yake, na kila makofi yalipolia makalio yalikuwa hewani. Alifanya hivyo siku nyingi. Haikusaidia. Ndipo macho yake yakaangukia bobini ya mikanda ya kuwambia iliyokuwa inaning'inia ukutani.

Siku ya pambano, Jumamosi, jua bado liko juu, alifika ukumbini kabla ya yeyote isipokuwa mfagiaji. Alivaa koti refu. Alisema anakuja kuangalia ngozi ya kiti kama imechanika. Mfagiaji alipotoka na taka zake, fundi akaketi, akapitisha mkanda juu ya paja la kushoto, ukapita chini ya chuma, ukarudi juu ya paja la kulia, ukapita tena chini. Akavuta kwa nguvu ya fundi. Chini kabisa ya kiti, mahali ambapo mkono wake ulifika kwa shida, akapiga fundo lake. Lile lile. Akajaribu kusimama, hakunyanyuka hata unene wa kidole. Akafurahi. Akalitandaza koti juu ya mapaja na kusubiri watu, mtu mwenye amani. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wazee, ila hawakusema kwamba kuna watu wanaokishona wenyewe.

Je, alijiuliza: na nikitakiwa kusimama kwa haki? Hakujiuliza. Mwaka mzima mji ulikuwa umemfundisha kosa moja tu, la kusimama. Hakuna aliyemtajia lile jingine.

Ukumbi ukajaa. Mgeni rasmi akaingia, watu wakasimama, yeye akakaa, na upande wa Bawabu wakaanza wimbo wao. "Simama! Simama! Simama!" Wakipiga makofi kwa mpigo mmoja, wakipunga leso. Leso nyingine zikamwangukia kichwani, akaziacha hapo hapo. Mkewe alikuwa safu ya nne nyuma yake, amebanwa katikati ya vijana warefu.

Kengele. Raundi mbili za kwanza zilikuwa za Mchi. Ya tatu akatwanga, Bawabu akaenda chini, na fundi, msijidanganye, miguu yake iliruka! Iliruka kwa nguvu zake zote, mkanda ukamkata mapaja na kumrudisha chini kwa kishindo. Ukumbi mzima uligeuka kumtazama. Amekaa! Mwalimu kutoka kona yake akamtazama, akainamisha kichwa kwa heshima. Mchi naye akatupa jicho, akamwona babaye juu ya kiti chekundu, na fundi aliona wazi kwamba mtoto ametabasamu. Machozi yakamtoka. Leo ataniita baba, akajisemea. Leo hii hii.

Bawabu aliinuka kwenye hesabu ya saba. Na aliyeinuka hakuwa yule aliyeanguka.

Raundi ya nne jicho la kushoto la Mchi likafumba. Ngumi za upande ule akawa hazioni zikija, na Bawabu si mtu wa kukosa mlango ulioachwa wazi. Alimpiga upande ule ule, tena na tena, bila haraka, kama mtu anayepasua kuni zake mwenyewe. Raundi ya tano ngumi moja ikatua nyuma ya sikio. Haikuwa kubwa. Lakini miguu ya Mchi ikaacha kuelewana, mmoja ukaenda huku, mwingine ukabaki. Akashika kamba. Mikono ikashuka kiunoni. Akapigwa akiwa hivyo, mikono kiunoni, na kichwa kikawa kinakwenda kila kinakopelekwa.

Mwamuzi angeweza kusimamisha. Lakini mwamuzi naye alikuwa mzoefu wa ukumbi ule. Aligeuka kutazama kiti. Mwalimu, taulo begani, alitazama kiti. Mgeni rasmi alinyoosha shingo kutazama kiti. Ukumbi mzima wenye watu wazima na akili zao ulimtazama mtu mmoja uone kama atainuka, maana ndivyo walivyojizoeza, kila mmoja na mikono yake safi.

Na upande wa Bawabu bado wanaimba. "Simama! Simama!"

Ndani ya wimbo huo fundi akasikia sauti moja isiyofuata makofi. "Simama! Baba Mchi, simama! Simama wewe mwanamume!" Ilikuwa ya mkewe. Neno lile lile, ukumbi ule ule, na yeye akaijua sauti hiyo miongoni mwa mia.

Akasimama. Yaani, alikusudia kusimama. Mkanda ukamshika. Akavuta, fundo likakaza. Akavuta tena, likakaza zaidi, kama lilivyoahidi siku zote. Akapeleka mkono chini ya kiti, vidole vilivyokufa ganzi vikapapasa chuma, vikapapasa ngozi, havikufika. Kisu alikuwa amekiacha karakanani ili kisimchome akikaa.

"Taulo!" akapiga kelele. "Mwalimu, taulo! Nimefungwa! Tupa taulo!"

Mdomo hauhesabiwi. Akapunga mikono yote miwili. Mikono haihesabiwi. Majirani zake walidhani anashangilia, mmoja akampiga begani, "Kaza hapo hapo, mzee!" Mkewe alikuwa amepita kwa viwiko hadi kwenye kona, ameshika mguu wa suruali ya mwalimu, analia mtoe mwanangu, mtoe, na mwalimu hakumtazama hata mara moja. "Mwenye kiti amekaa, mama," akasema. "Mwenye kiti amekaa."

Mchi akageuza kichwa. Kwa jicho moja lililobaki, na hilo limejaa damu, akatafuta kiti chekundu. Akamwona babaye amekaa. Mdomo ukafunguka, meno mekundu yote nje, na fundi akaelewa kwamba hicho ni kicheko cha furaha. Mtoto alifurahi. Akaachia kamba. Akainua ngumi zake mbili kwa shida na kumrudia Bawabu.

Alipoanguka hakuweka mikono mbele.

Watu wote wakakimbilia ulingoni, kisha wote wakakimbilia nje nyuma ya machela. Ukumbi ukabaki na viti vya plastiki vilivyopinduka na mtu mmoja ameketi. Mwalimu alirudi kuchukua ndoo yake, akamkuta. Akafungua mdomo amwulize kama ana moyo wa jiwe, kisha akaona koti limesogea. Akatazama mapaja. Akatazama chini ya kiti. Akachukua mkasi wa bendeji, akapiga magoti na kukata.

"Nilikuwa nakungoja," akasema. "Muda wote ule nilikuwa nakungoja wewe."

"Nilikuita."

"Mdomo hauhesabiwi, wajua hilo." Akaviringisha vipande vya mkanda, akavitia mfukoni mwake. "Watu wamekuona umekaa. Waache na walichoona. Wakijua haya, kesho nani atakikalia kiti hiki?" Mzee alijali kiti chake. Alikwenda zake na ndoo.

Mchi hakufa. Wapo waliosema bora angekufa, na walisema hayo kwenye foleni ya maji, mama yake akisikia. Alirudi kutoka hospitali na nusu ya mwili, maneno yakimtoka moja moja, polepole, na mguu wa kulia usiobeba kitu. Fundi alimtengenezea kiti. Ni kazi bora aliyopata kuifanya: mgongo mrefu, sponji laini, mahali pa kuegemeza kichwa. Lakini mwili uliteleza. Kila wakimketisha uliteleza mpaka sakafuni, na mama yake hakuwa na nguvu za kumnyanyua siku nzima. Basi fundi akachukua mikanda. Ingekuwa nini kingine? Mmoja juu ya mapaja, mmoja kifuani, fundo nyuma.

Mke alikuwa amekwisha kujua. Usiku ule wa kwanza aliona mapaja ya mumewe, mistari miwili myeusi imekata nyama, akauliza, na fundi akasema yote. Siri ya mtungi aijuaye kata. Hakumpiga, hakulia. Aliuliza kitu kimoja tu, kama fundo lilikuwa lile lake la siku zote, akajibiwa ndiyo.

"Nataka nimwambie," fundi akasema. "Akipata nguvu kidogo nitamwambia. Ajue kwamba nilitaka kusimama."

"Ukimwambia nitakutilia sumu," mkewe akasema kwa sauti ya kawaida. "Hana kambi, hana mkono, hana mke, na hatakuwa naye. Amebakiwa na kitu kimoja tu, kwamba baba yake alikaa. Hicho nacho unataka kumnyang'anya, upumue wewe?"

Hakumwambia.

Na mji? Mji uliacha kutupa vitambaa. Siku hizi akiingia kwa kinyozi, vijana huinuka kumpisha. "Karibu, mzee, kaa hapa." Klabuni wamemwandika mlezi. Baba wengine ambao watoto wao wanapanda ulingoni humjia karakanani, wanasimama mlangoni na kofia mkononi, wanauliza aliwezaje. "Mzee, ulishikwa na nini ukaweza kukaa vile?" Yeye anaendelea kupiga misumari. Wanaondoka wakiambiana kwamba mashujaa hawapendi kujisifu.

Jumamosi mchana redio hutangaza ndondi. Fundi hufunga kazi mapema, hukaa karibu na mwanawe, mama husimama mlangoni, maana siku hizi chumba anachokaa mumewe yeye hakai. Juzi kulikuwa na pambano la wakubwa. Mtangazaji akapandisha sauti, mtu huko mbali akaanguka, na Mchi, ndondi bado imo kwenye damu yake, akaruka. Nusu yake iliyo hai iliruka kwa nguvu. Mkanda ukamshika, ukamrudisha.

Alishangaa kidogo. Kisha uso ukaanza kupinda upande mmoja, na wazazi wake wakajua anacheka.

"Baba," akasema.

"Naam, mwanangu."

"Umeona? Sikusimama." Maneno yalikuwa yanakuja moja moja, na fundi alilazimika kuyangoja yote. "Nimekaa. Kama wewe."

"Umekaa, baba. Umekaa vizuri."

"Asante. Siku ile. Ulikaa."

Mlangoni mama alikuwa anamtazama mumewe, wala hakumbandulia macho. Fundi akashuka kwenye kochi, akapiga magoti nyuma ya kiti, akaangalia fundo. Lilikuwa limelegea kidogo kwa ule mruko. Akalikaza.